Mita Ilisema Salama

Swali langu katika makala hii ni fupi. Kama hakuna mtu anayelalamika, je, tunaweza kusema mambo ni sawa?

Wengi wetu tunajibu ndiyo, hata kama hatutamki. Ofisini ripoti inaandikwa: mwezi huu hakuna malalamiko yaliyopokelewa, kazi imeenda vizuri. Nyumbani ni vilevile. Mke hasemi kitu, basi ndoa ina amani. Vijana hawakuja kwenye kikao, basi hawana shida. Mtoto haulizi tena habari za baba yake, basi ameshasahau. Tunachukua kimya kama karatasi yenye muhuri.

Mimi nafikiri jibu hilo ni la hatari, hasa mahali kama hapa tunapoishi, ambapo karibu kila kitu, chakula, maji, kadi, rufaa ya hospitali, kinapita mikononi mwa watu kadhaa kabla hakijatufikia. Na kilichonifanya nilifikirie swali hili kwa makini si kitabu. Ni antena kuukuu ya redio, tuliyoitengeneza kwenye kituo cha vijana. Naomba msomaji univumilie kidogo na mambo ya nyaya, maana hoja yote imo humo.

Kuna watu duniani wanaozungumza kwa redio kwa kupenda tu, si kwa biashara wala kwa mshahara. Hiyo inaitwa redio ya ridhaa. Mtu anafanya mtihani, anapewa leseni na serikali, na anapewa jina la kituo chake. Ukisikia jina linaanza na 5X ujue ni Uganda, 5H ni Tanzania, 5Z ni Kenya, 9X ni Rwanda, 9U ni Burundi, 9Q ni Kongo. Hapa Uganda leseni inatoka kwa tume ya mawasiliano, UCC. Bila leseni huruhusiwi kurusha sauti, ila unaweza kusikiliza. Sisi tuliotoka Kongo tunamjua ndugu yake wa karibu, ile foni. Kabla simu za mkononi hazijafika vijijini, foni ndiyo ilikuwa inaunganisha misheni, wafanyabiashara na viwanja vidogo vya ndege. Ulikuwa unakwenda, unalipa kidogo, unasema maneno yako mbele ya watu wote: mzigo umefika, mama anaumwa, tumeni pesa.

Antena ya kazi hiyo ni rahisi kuliko inavyoonekana. Ni nyaya mbili zinazonyooka kushoto na kulia, zimefungwa juu ya nguzo, na katikati inashuka kebo moja mpaka kwenye redio. Urefu wake una hesabu: chukua 143, gawanya kwa masafa kwa megahetzi, unapata mita. Kwa masafa ya 7.1, ambayo wenye redio ya ridhaa wanayatumia sana, jibu ni kama mita 20, yaani mita 10 kila upande. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya hesabu hiyo, na kwetu wameifanya.

Hii yetu ilikuwa ya mfanyakazi mmoja wa shirika, mwenye leseni yake. Mkataba wake ulipokaribia kuisha aliamua kuiacha kwenye kituo, vijana wajifunzie kusikiliza na kujua ufundi. Lakini alituonya kwamba ina ugonjwa asioujua. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa anaita na watu wachache sana walimjibu. Ajabu ni kwamba mita yake ilisema antena ni nzima.

Hapa ndipo lazima nieleze mita hiyo inapima nini, maana wengi wanadhani inapima sauti inayofika mbali. Haipimi hivyo. Inapima kinachorudi. Redio inapotuma nguvu juu kwenye antena, kama antena haikukaa vizuri, sehemu ya nguvu hiyo inagonga na kurudi ilikotoka. Mita inakaa chini karibu na redio, inalinganisha kilichotoka na kilichorudi, inakupa namba. Moja ina maana hakuna kilichorudi. Mbili inavumilika. Ikipita tatu, kuna tatizo. Kwa hiyo namba ndogo ndiyo nzuri. Mita yake ilikuwa inasema 1.2. Salama kabisa.

Tukamwita mzee mmoja ambaye zamani alikuwa anaendesha foni ya wafanyabiashara huko Fizi. Vijana wanamwita Papa Fundi. Alisikiliza maelezo yote, akaangalia kebo ilivyoshuka kutoka juu, akasema antena ishushwe. Ikashushwa. Kisha akazifungua zile nyaya mbili pale katikati, akazilaza kwenye nyasi. Kebo ikabaki peke yake, haijashika kitu chochote. Akamwambia mwenye leseni, "Sasa pima tena, kwa nguvu ndogo."

Mtu yeyote anayejua kazi hii angetegemea mita ipige kelele, kwa sababu nguvu haina pa kwenda, lazima yote irudi. Mita ikasema 1.7.

Yaani antena haipo. Iko chini, kwenye nyasi, mbuzi anaweza kuikanyaga. Na mita bado inasema mambo si mabaya.

Papa Fundi alieleza kwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo nataka tuishike. Maji ya mvua yaliingia kwenye ncha ya juu ya kebo miaka mingi iliyopita, yakashuka polepole ndani, chini ya ganda ambalo kwa nje lilionekana zima. Ule wavu wa shaba uliomo ndani ukageuka mweusi. Kebo ya namna hiyo inakula nguvu. Tuseme inakula robo tatu. Unatuma 100, zinafika juu 25. Pale juu hakuna antena, zote 25 zinagonga na kugeuka. Lakini njia ya kurudi ni ile ile ya kwenda. Kebo inakula tena robo tatu, na mita inaona 6 tu na kidogo. Mita haina akili ya kujua kwamba zile nyingine zililiwa njiani. Inaona 100 zimetoka, 6 zimerudi, inasema: kazi nzuri, karibu zote zimepokelewa.

Naomba usome hapo mara ya pili. Kitu kile kile kinachozuia msaada usifike ndicho kinachozuia malalamiko yasirudi. Na kadiri kinavyokula zaidi, ndivyo namba inavyokuwa nzuri zaidi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huwa tunaitumia methali hii kwa rafiki msaliti. Lakini inafaa pia kwa njia. Njia ya katikati, kati ya anayetoa na anayepokea, inaweza kuoza ndani huku ganda lake linang'aa, na hakuna mtu wa upande wa kutoa atakayejua, kwa sababu habari zake zote zinapita humo humo.

Sasa niondoke kwenye nyaya. Nimeona bomba la maji la mtaa mmoja likikaa wiki tatu bila kutoa tone. Akina mama walikuwa wanaamka saa kumi usiku kwenda kuchota mbali. Siku ya kikao, mgeni kutoka ofisi inayohusika alifungua sanduku la maoni mbele ya watu. Halikuwa na karatasi hata moja. Akasema, kwa furaha ya kweli kabisa, kwamba anaona mtaa huu hauna shida. Watu walitazamana. Hakuna aliyesema kitu, na kikao kikaendelea na ajenda ya pili.

Yule mgeni hakuwa mtu mbaya. Alisoma mita yake na mita ilisema salama. Lakini tuangalie kebo. Sanduku lilikuwa limetundikwa kwenye ukuta wa nyumba ya mtu anayeshika ufunguo wa bomba. Wengi wanaochota maji ni akina mama na watoto, na wengi wa wale akina mama hawakupata nafasi ya kusoma. Wachache wanaojua kuandika waliogopa mwandiko wao utajulikana. Na waliowahi kuandika mwaka uliopita hawakupata jibu lolote, hata la "tumeona barua yako". Maungio manne hayo, na kila moja linakula sehemu yake. Kilichofika kwenye sanduku ni sifuri. Antena ilikuwa kwenye nyasi.

Hilo ni la maji. Kuna mambo mazito zaidi, na sisi tunaofanya kazi na vijana tunayajua. Msichana anaambiwa na mtu kwamba jina lake litaonekana kwenye orodha kama atakuwa "mtu mzuri". Anataka kusema. Anaambiwa malalamiko yanapokelewa na kamati. Kwenye kamati amekaa rafiki wa mtu yule yule. Atasema nini? Atanyamaza. Ataacha kuja kwenye mafunzo. Kwenye daftari la mahudhurio tutaandika "hayupo", na kwenye ripoti ya robo mwaka tutaandika kwamba hakuna kesi. Ile sifuri ndiyo namba ninayoiogopa kuliko zote.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hapana. Kimya peke yake si ushahidi wa haki. Kimya kinaweza kutoka kwenye shibe na kinaweza kutoka kwenye woga, na ukiwa umekaa upande wa mita, hivyo viwili vinaonekana sawasawa. Nchi zetu zimetufundisha hili kwa uchungu. Mwezi wa Mei 2015, wakati wa lile jaribio la mapinduzi Burundi, redio kadhaa za binafsi Bujumbura zilishambuliwa na kunyamazishwa. Baada ya hapo mitambo ilikuwa kimya. Kuna aliyesema Burundi ina amani kwa sababu redio hazisemi? Wengi tunaoishi nao hapa walivuka mpaka katika kimya hicho. Ndiyo maana ya kimya kingi kina mshindo mkuu.

Lakini najua kuna watakaonipinga, na wana sababu zao. Nizichukue moja moja.

Wa kwanza atasema: subira ni fadhila. Wazazi wetu walitufundisha kutolalamika, na mtu anayelalamika kila siku anachosha na anaonekana hana shukrani kwa nchi iliyompokea. Nakubali kwamba subira ni fadhila, na shukrani pia. Lakini subira ni ya mtu mwenye uwezo wa kusema akachagua kungoja. Yule ambaye hata akisema hasikiki, huyo hangoji. Amezibwa. Kumsifu kwa subira yake ni kumfunga mara ya pili. Na kuhusu shukrani: mtu anayekuambia bomba limekufa anakuheshimu, anaamini utafanya kitu. Aliyekata tamaa nawe hakuambii chochote.

Wa pili atasema: mkifungua milango ya sauti, wataingia waongo na wachochezi. Huyu simdharau, kwa sababu ukanda wetu una kumbukumbu. Mwaka 1994 nchini Rwanda redio ya RTLM ilitumia antena yake kuelekeza watu wauawe, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili. Antena haina dhamiri, inabeba lolote. Hiyo ni kweli. Lakini ile ilikuwa sauti ya wenye nguvu ikiwashukia wanyonge, na hapa tunazungumza juu ya sauti ya mnyonge ikipanda kwa mwenye nguvu. Hizo mbili hazina hatari moja. Zaidi ya hapo, kusikiliza si kutii. Ukisikia uongo unaweza kuuchunguza na kuukataa. Usichokisikia huwezi kukichunguza kabisa.

Wa tatu ndiye mgumu kwangu. Atasema: sawa, tuulize watu moja kwa moja basi. Nao tukiwauliza wanasema wameridhika. Tuna karatasi za uchunguzi, watu wanatupa alama tano kwa tano. Tuwaite waongo?

Hapana, si waongo. Wana adabu. Hata wenye redio ya ridhaa wana jambo hili. Wakipatana hewani wanaulizana "unanisikiaje?" na kila mmoja anampa mwenzake alama: tarakimu ya kwanza ni jinsi maneno yanavyoeleweka, mwisho 5, ya pili ni nguvu ya sauti, mwisho 9. Alama ya juu ni 59. Lakini siku za mashindano, wakiwa na haraka, karibu kila mtu anampa kila mtu 59, hata yule ambaye aliombwa arudie jina lake mara tatu. Hakuna anayeona vibaya. Imekuwa salamu.

Sisi waswahili tuna 59 yetu. Habari za nyumbani? Nzuri. Habari za watoto? Salama. Hata kwenye msiba mtu anaanza na salama. Halafu anavuta pumzi na kusema "ila". Salama, ila mtoto hajalala kwa homa. Nzuri tu, ila kadi yangu imefungwa tangu mwezi uliopita. Kila mtu aliyekulia kwenye lugha hii anajua kwamba habari inaanza baada ya ila. Ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika, hasa mnaofanya kazi kwa mkalimani na mnaotakiwa kumaliza nyumba 40 kwa siku: mnaandika "salama", mnasema asante, mnaondoka. Ila inabaki mlangoni. Hamkudanganywa. Mliondoka mapema.

Basi kama mita ya karibu inaweza kudanganya, na salamu ni salamu tu, tutajuaje? Hapa narudi kwa Papa Fundi, kwa sababu hakuishia kwenye kugundua ugonjwa. Alitengeneza, na namna alivyotengeneza ina mafundisho.

Jambo la kwanza, hakutupa antena yote. Vijana wawili walisema tuombe mpya. Yeye akakagua kila kipande. Nyaya zilikuwa na kutu ya kijani kwenye maungio, lakini katikati shaba ilikuwa nzima, akaisugua mpaka ikang'aa. Vishikizo vya ncha vilikuwa vizima. Kamba moja ilikuwa imeliwa na jua, akaibadilisha. Kile kipande cha katikati kilikuwa kimepasuka, akakata kingine kutoka kwenye bomba la plastiki. Akapasha moto chuma cha kulehemu kwenye makaa, akalehemu upya. Kilichotupwa ni kebo peke yake. Hata kebo, alikata kwanza ncha aone kama kuna mahali shaba inaanza kuwa safi. Alikata mita moja, nyeusi. Mbili, nyeusi. Alipofika ya tano na bado ni nyeusi, akaacha.

Nalisema hili kwa sababu tukishagundua kwamba njia ya malalamiko imeoza, tunapenda kuleta kitu kipya kabisa. Namba mpya ya simu, bango jipya, kamati mpya yenye fulana mpya. Lakini mtaani kulikuwa tayari na mama ambaye kila mtu anamwendea, na mzee ambaye neno lake halinunuliwi. Hao ni shaba nzima. Ukiwapita ukaleta vyako tu, umetupa kizima pamoja na kibovu. Na kinyume chake ni kweli pia: ukikata mita tano na bado ni nyeusi, usimwonee kebo huruma. Kuna kamati ambazo semina haitaziponya.

Jambo la pili, kebo mpya ilikuwa kebo iliyotumika ya dishi la televisheni, tuliyoipata kwa bei ndogo, ila kavu. Antena ya namna hii inaelewana vizuri na kebo ya dishi. Papa Fundi akafunga ncha ya juu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na utepe, na akaacha kebo ifanye kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke chini badala ya kufuata kebo. Hakutafuta kebo ya bei kubwa, alitafuta isiyokula. Mkalimani asiyejua Kiingereza kizuri lakini anayefikisha kila neno ni bora kuliko fasaha anayelainisha maneno ili mgeni asikasirike. Hili ni letu pia, sisi wafanyakazi wa vijana, wakalimani na viongozi wa mitaa. Sisi ni kebo. Kazi ya kebo haina sifa: ipokee huku, ifikishe kule, isibakize kitu ndani. Siku tunapoanza kujiuliza "hili nikilisema ofisini litanionyeshaje?", maji yameanza kuingia.

Jambo la tatu ndilo kubwa. Kebo mpya ilipofungwa na antena ikapandishwa, mwenye leseni alipima tena. Mita ikasema 2.4. Vijana wakasikitika. Ilikuwa 1.2 na kebo mbovu, sasa ni 2.4 na kebo nzuri. Ingekuwa ni ripoti, mtu angeandika kwamba tumeharibu. Lakini ukifungua redio, stesheni ambazo jana zilikuwa kama mnong'ono sasa zilijaa chumbani. Namba imekuwa mbaya kwa sababu kwa mara ya kwanza mita iliona ukweli wa juu. Na ukweli ulikuwa kwamba upande mmoja wa waya ulikuwa mfupi kwa karibu nusu mita, pengine ulikatika kwa upepo zamani ukaungwa ovyo. Tatizo hilo lilikuwepo miaka yote, kebo ililificha. Wakaongeza kipande, wakapima, wakapunguza sentimita chache pande zote mbili, wakapima tena, mpaka ikafika 1.4. Hii 1.4 ya sasa ina thamani kuliko ile 1.2 ya zamani, ingawa kwa macho ni mbaya zaidi.

Wenye kutoa fedha na wenye kuandika ripoti, naomba mlisikie hili. Mkitengeneza kweli njia ya kusikiliza, miezi ya kwanza malalamiko yatapanda. Yatapanda sana. Msimwadhibu mfanyakazi ambaye eneo lake limetoka malalamiko 2 hadi 60. Huenda ndiye pekee aliyebadilisha kebo. Muulizeni kwanza yule ambaye kwake ni sifuri.

Na hii inatuletea kipimo ninachopendekeza. Papa Fundi hakuiuliza mita kama antena ni nzima. Aliiondoa antena makusudi, akatazama kama mita itajua. Hatuwezi kuwanyima watu maji makusudi ili tupime, hilo lingekuwa ukatili. Lakini hatuna haja, kwa sababu hapa vitu vinakatika vyenyewe. Mgao unachelewa, bomba linakufa, zahanati inakosa dawa. Kila mara kitu kinapokatika na sote tunajua kimekatika, tujiulize: wiki hiyo daftari la malalamiko lilisema nini? Kama lilijaa, njia ni nzima, hata kama inatuaibisha. Kama lilibaki tupu wakati kila mtu alikuwa na kiu, basi tupu zote za nyuma, zile tulizozisherehekea, hazina maana. Inabidi tuzifute na kuuliza upya. Kipimo hiki hakihitaji mradi wala mshauri kutoka nje, ni madaftari mawili tu kuwekwa pamoja, la matukio na la malalamiko.

Pia kipimo cha mwisho cha antena kiko mbali, kwa yule anayesikia kule. Kwa hiyo mara nyingine mtoaji hana budi kuondoka kwenye kiti chake, apite pembeni ya njia yake mwenyewe, akae jioni mahali ambapo hakualikwa na kamati, asalimie, angoje ila. Sisemi afanye kila siku. Afanye mara za kutosha kujua kama njia ya kawaida inakula.

Kuna jambo moja la kimaadili ambalo bado linanisumbua. Yule mgeni wa sanduku tupu, je, ana hatia? Hakujua. Mtu anaweza kusema asiyejua hana kosa. Mimi naona inategemea. Mwenye antena naye hakujua kebo imeoza, lakini alikuwa na dalili nyingine: watu hawamjibu. Dalili mbili zilipingana, mita inasema nzuri na dunia iko kimya. Kwa bahati nzuri hakuiamini mita kwa sababu tu inampendeza. Alisema wazi kwamba kuna ugonjwa asioujua. Nadhani wajibu wetu unaanzia hapo. Hatuwezi kudaiwa kujua kila kilichoharibika, lakini tunadaiwa tusichague kipimo kinachotufurahisha pale ambapo macho yetu yameona ndoo zimepangwa foleni gizani. Yule mgeni aliingia mtaani akipita katikati ya ndoo hizo.

Na upande wetu, wakazi, tuna deni pia. Kila aliyetazamana na mwenzake siku ile akanyamaza aliacha sifuri iandikwe. Simlaumu mama anayeogopa kufungiwa bomba. Lakini wapo kati yetu ambao hawana cha kupoteza kikubwa hivyo, wanaojua kusoma, wenye simu, wenye kujuana na ofisi, vijana wasio na watoto wa kulisha. Hao ndio wa kusimama kwanza na kusema "salama, ila". Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuziba kunaanza na mtu wa kwanza kusema kwamba ufa upo.

Kikao cha mtaa kijacho, kabla ya ajenda, mwenyekiti aulize swali moja tu: tangu tulipokutana mara ya mwisho ni kitu gani kilikatika, na nani aliandika? Majibu hayo mawili yasomwe kwa sauti, moja baada ya lingine, mgeni akiwepo.